Kabla ya "Nilijikuta Baa": Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kikundi cha Utulivu kwa Vijana Wanaolemewa na Pombe

Jumatano, saa kumi na moja jioni, vijana tisa wamekaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, nyuma ya duka la vipuri hapa Moshi. Kila mmoja ameshika kikombe kidogo cha kahawa chungu, na hakuna aliyekunywa. Wanakinusa. Wanasikia joto lake kwenye vidole. Mate yanajaa mdomoni, na hayo nayo wanayaangalia tu. Dakika tatu zinapita kabla sijasema, "Haya, fundo moja." Mmoja wao, dereva wa bodaboda mwenye miaka 23, akaweka kikombe chini akasema: "Mwalimu, kumbe mate hutangulia. Mimi nilidhani naanza kutaka nikishaiona chupa."

Alichokiona kijana huyo ndicho tunachokitafuta kwa wiki nane. Ukiwasikiliza vijana wakisimulia namna walivyolewa, utasikia neno moja likirudi: nilijikuta. "Nilitoka kupeleka hesabu, nikajikuta baa." "Nilijikuta nimeagiza ya tano." Kati ya hamu kuanza na mkono kushika chupa kuna upenyo mdogo, na wengi wetu hatujawahi kuuona. Kazi ya kikundi ni kuupanua upenyo huo mpaka mtu aweze kusimama ndani yake na kuchagua.

Zoezi lenyewe si letu kwa asili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, programu ambayo leo ni ya wiki nane, ya kufundisha wagonjwa kuielekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, bila kukihukumu. Baadaye Sarah Bowen, Neha Chawla na Alan Marlatt, huko Seattle, waliigeuza iwafae watu wanaopambana na pombe na dawa za kulevya. Utafiti wao uliotoka mwaka 2014 ulihusisha watu 286 waliokwisha kupata matibabu ya awali. Baada ya miezi 12, waliofundishwa njia hii walikuwa na siku chache zaidi za kunywa kupindukia kuliko waliopewa huduma nyingine. Ni matokeo mazuri, lakini si muujiza, na wale hawakuwa vijana wa kijiwe cha Majengo. Ndiyo maana kuichukua programu ilivyo na kuitafsiri neno kwa neno hakutoshi. Unatakiwa kuishona upya kwa kipimo cha mvaaji.

Hatua ya 1: Kaa kijiweni kabla hujafundisha

Tenga wiki mbili za kusikiliza tu. Nenda kwenye kijiwe cha bodaboda, saluni, uwanja wa mpira, hosteli za chuo. Usiulize "mnakunywa kiasi gani?" maana utapewa jibu la polisi. Uliza: Siku ngumu kupita bila kunywa ni ipi? Raundi huanzaje? Anayekataa huitwa nani? Asubuhi mnazimua na nini? Ni msiba gani, harusi gani, mechi gani ya Simba na Yanga iliyoisha vizuri bila mtu kulewa, na ilikuwaje?

Andika maneno yao kama yalivyo. Huku kwetu nimeandika: kupiga mtungi, moja moto moja baridi, ya kufunga, arosto (mateso ya kukikosa kilevi), mkeka umechanika (ubashiri wa mechi umeshindwa). Hayo ndiyo yatakayobeba masomo yako. Mtaalamu Guillermo Bernal na wenzake walipoandika mwaka 1995 kuhusu kurekebisha tiba ziendane na utamaduni wa watu, lugha ilikuwa miongoni mwa mambo nane waliyoyataja, pamoja na mifano ya kusemea, malengo na mazingira. Kwa uzoefu wangu lugha ndiyo mlango, na usipofunguka huo mengine hayaingii.

Sikiliza pia uchumi wa pombe. Uchagani mbege ya ndizi na ulezi hupikwa na akina mama wengi, na ada ya shule imelipwa na mtungi huo huo. Ukija na hotuba ya kuilaani pombe, umemtukana mama wa mtu.

Hatua ya 2: Pima, na ujue nani asianzie kwako

Hapa sitaki uruke mstari hata mmoja.

Tumia AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe. Lina maswali 10, alama kuanzia 0 hadi 40, na Kenya ilikuwa moja ya nchi sita zilizohusika katika kulitengeneza. Toleo la Kiswahili limefanyiwa utafiti hapa Moshi. Alama 8 na zaidi zinaonyesha unywaji wa hatari. Kuanzia 20, mwelekeze mtu kwa mtaalamu wa afya kabla ya lolote, kwa kuwa huenda mwili wake tayari unaitegemea pombe.

Ili maswali yawe na maana, fundisha kipimo kwanza. Kipimo kimoja cha pombe ni takriban gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni vipimo viwili. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 ni zaidi ya vipimo vitano. Dodoso linapouliza kuhusu vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja, linaulizia bia kubwa tatu tu. Nimeona vijana wakicheka kwa mshangao hapa, halafu wakanyamaza. Mbege na gongo hazina kipimo kimoja, kwa hiyo hesabu kata au glasi na uandike hivyo hivyo.

Sasa la hatari. Uliza kila mmoja, faraghani: Ukikaa nusu siku bila kunywa mikono inatetemeka? Unatoka jasho, unatapika, hulali? Umewahi kuanguka kifafa au kuona vitu visivyokuwepo ulipoacha? Mtu wa namna hiyo akiacha pombe ghafla anaweza kufa. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kukafuata siku ya pili hadi ya nne. Kukaa kimya na kuvuta pumzi hakumkingi. Mpeleke hospitali, tena usimwambie aache leo leo mwenyewe nyumbani. Atarudi kikundini akishatibiwa.

Kabla hujatangaza mkutano wa kwanza, uwe umeshazungumza na muuguzi au daktari mmoja aliyekubali kuwapokea watu wako. Vivyo hivyo kwa binti mjamzito, kwa anayesema hataki kuishi, na kwa anayesikia sauti. Hao wote wanahitaji mtaalamu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta jina, na ongea na viongozi wa dini mapema

Vitabuni utakuta zoezi hili likiitwa uzingativu (kwa Kiingereza, mindfulness). Ni zuri, ila kijiweni halimwambii mtu kitu. Neno tafakuri nalo linawapeleka wengine moja kwa moja kanisani. Nilipowaambia wafumbe macho na kukaa kimya, mama wa mmoja alikuja kuniuliza kama ni dini mpya. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Sisi tulichagua neno kutua. Mtu anatua mzigo, ndege inatua. Herufi tatu za "tua" zikawa somo:

- Tulia: simama ulipo, vuta pumzi tatu taratibu.
- Uliza mwili: kitu gani kinatokea kooni, tumboni, kifuani, mikononi?
- Amua: sasa chagua utakachofanya.

Kijana anaweza kuitamka akiwa juu ya pikipiki, na mwenzake anaweza kumwambia "tua kwanza" bila mtu mwingine kujua wanaongea nini.

Mwite sheikh na mchungaji wa eneo lako, wakalishe kwenye benchi, wafanyishe zoezi. Waislamu wengi wataitambua hali hii haraka kwa kuwa wameshafundishwa khushuu, moyo kuwepo kwenye sala. Wakristo wanao ukimya wa kuomba na wa mafungo. Usiseme ni kitu kimoja, maana si kimoja. Sema ni uwezo wa kuituliza akili ambao kila mmoja ataupeleka kwenye imani yake.

Lengo nalo lina jina. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina mpango wa mazungumzo mafupi kwa majeruhi wanaofika kitengo cha dharura, uliorekebishwa kwa mazingira yetu, nao unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Angalia neno la kwanza: punguza. Kijana anayeogopa neno "acha" huweza kuingia kwa mlango wa "punguza", na wengine wakishaingia huamua wenyewe kuacha kabisa.

Hatua ya 4: Watu, mahali, saa

Vijana wanane hadi kumi, wenye miaka 18 na kuendelea. Wavulana peke yao, wasichana peke yao. Huko Eldoret, Kenya, watafiti walioendesha vikundi vya kupunguza pombe kwa Kiswahili, vikiongozwa na washauri wasio wataalamu wa chuo, walitenganisha jinsia, nami nimeelewa kwa nini. Binti anayekunywa hunyamaza mbele ya kaka zake, kwani aibu anayobebeshwa yeye ni kubwa kuliko ya mvulana aliyelewa chakari jana yake.

Viongozi wawe wawili, na mmoja awe kijana aliyewahi kunywa sana akapunguza. Wote wawili wafanye zoezi kila siku kwa miezi miwili kabla ya kufundisha. Vijana hutambua mara moja anayesoma kwenye karatasi. Usikutanie karibu na grosari, na usipange Ijumaa wala mwisho wa mwezi. Saa moja na nusu inatosha. Programu ya Seattle hutumia saa mbili, lakini dereva aliyeacha pikipiki yake bila kazi kwa saa mbili anapoteza hela ya hesabu.

Agano la siku ya kwanza: ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa pale uhai wa mtu ukiwa hatarini.

Hatua ya 5: Mikutano minane

*Wa kwanza, kahawa.* Programu za Marekani hutumia zabibu kavu. Mimi nilijaribu ndizi mbivu, nikakosea vibaya. Kijana mmoja aliinusa, akainuka akatoka nje. Mama yake hupika mbege, na harufu ya ndizi iliyoiva ilimpeleka moja kwa moja kwenye mtungi. Chagua kitu kisicho na undugu na pombe. Kahawa au karanga za kukaanga zinafaa. Baada ya hapo kila mmoja asimulie mara ya mwisho aliyolewa, na wengine wahesabu kimya neno "nilijikuta".

*Wa pili, ukaguzi.* Zoezi la kuupitia mwili mzima hufanywa mtu akiwa amelala chini. Hapa kwetu kulala mstari mmoja kunafanana na wodi au na msiba, na msichana aliyevaa kitenge hatakuwa na amani. Wakae kwenye benchi, macho wazi yakitazama chini. Waambie: unavyoikagua pikipiki asubuhi, tairi, breki, mafuta, taa, kagua hivyo hivyo mwili wako. Nyayo, magoti, tumbo, mabega, taya. Huitengenezi bado, unaikagua tu. Mtu akisema kukaa kimya kunamrudishia picha mbaya, za ajali au za kupigwa, mruhusu asimame, atembee, aitazame miti. Usimlazimishe, kisha zungumza naye pembeni.

*Wa tatu, kutua.* Fanyeni zoezi la herufi tatu mara kumi, kwa vituko vya kweli: abiria amekimbia na nauli, mpenzi hapokei simu, mkeka umechanika kwa mechi moja.

*Wa nne, vumbi la lori.* Huu ndio moyo wa programu, upe muda wote. Marlatt aliwafundisha watu kuipanda hamu kama wanavyopanda wimbi juu ya ubao baharini. Tanga au Bagamoyo mfano wa wimbi unaeleweka. Kwenye migomba ya Kibosho mwambie mtu habari ya lori la mchanga kwenye barabara ya vumbi. Limekupita, huoni kitu. Huwezi kulifukuza vumbi kwa mkono. Ukiongeza mwendo ndani yake utagonga. Unasogea pembeni, unafunga kioo cha helmeti, unapumua taratibu, unangoja. Vumbi linatua lenyewe.

Kisha wafanye. Kila mmoja akumbuke hali inayomtia kiu ya wastani, siyo ile kali kuliko zote. Usilete pombe halisi, hata chupa tupu. Aipe kiu namba, 0 hadi 10. Kila dakika uliza kwa sauti ya chini, "Sasa ngapi? Iko wapi mwilini?" Watasema: nne, kooni. Sita, mikono inawasha. Saba. Saba. Tano. Ngoja mpaka wengi washuke. Dereva wangu wa miaka 23 alifika nane, akakaa hapo dakika mbili akiuma midomo, halafu akasema "tatu" kwa sauti ya mtu asiyeamini. Hakuna hotuba inayofikia hapo. Kabla hawajaondoka, hakikisha kila namba imeshuka, na asiyeshuka mtembee naye mpaka atulie.

*Wa tano, raundi na kata.* Igizeni. Rafiki ameshalipia, bia iko mezani imefunguliwa. Baba mkubwa anakupa kata ya mbege kwenye kishika uchumba cha dada yako. Hizi ni hali mbili tofauti. Kwa rafiki, jibu liwe fupi na lirudiwe vile vile: "Leo hapana, kaka. Soda." Ukianza kueleza sababu umeshafungua mjadala. Kwa mzee, kukataa kwa maneno makavu ni kuvunja heshima. Vijana wenyewe ndio walionifundisha: simama, pokea kwa mikono miwili, shukuru, "Nimepokea baba, naomba nimpatie mzee mwenzako," umpitishie wa pembeni. Wakati mikono inapokea, nyayo zisikie ardhi. Rudieni mpaka isiwe aibu. Aliyetulia kwa mwili hasikiki kama anayedharau.

*Wa sita, mawazo si amri.* Andikeni ubaoni sauti zinazosema kichwani: "moja haiui," "nimefanya kazi, nastahili," "wataniona mshamba." Kila mmoja asome sauti ya mwenzake kwa nguvu. Ikisomwa na mdomo wa mtu mwingine inapungua uzito.

*Wa saba, mwili na pesa.* Usingizi, kula kabla ya jioni, na kumkabidhi mtu unayemwamini sehemu ya hela siku ya malipo. Mfupi tu.

*Wa nane, mpango.* Kila mmoja aandike vichochezi vyake vitatu, mtu wa kumpigia, na atakachofanya dakika kumi za kwanza kiu ikipanda.

Mazoezi ya nyumbani yawe ya dakika tano. Anayeishi chumba kimoja na ndugu watatu hana pa kukaa kimya nusu saa. Afanye akingoja abiria, akiosha vyombo, au baada ya sala ya alfajiri.

Hatua ya 6: Akiteleza

Atateleza. Tarajia kuanzia wiki ya tatu, na mwambie mapema. Kinachomwangusha mtu zaidi ya ile bia ya kwanza ni sauti inayofuata: "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Wahenga walishasema kuteleza si kuanguka, na kila kijana anaijua methali hiyo. Aliyelewa Jumamosi aje Jumatano. Usimtake aombe msamaha. Mwombe arudishe tukio nyuma polepole: mate yalianza wapi? Namba ilikuwa ngapi? Upenyo ulikuwa wapi? Akija amelewa, mmoja wa viongozi amsindikize nyumbani kwa heshima, asiendeshe, na karibu yake ibaki.

Hatua ya 7: Pima tena

Kila wiki kila mmoja aandike kwenye daftari lake vipimo alivyokunywa na siku alizopita bila kunywa. Usirudie AUDIT nzima baada ya wiki nane ukategemea ikupe mabadiliko, kwa sababu inaulizia mwaka uliopita. Linganisha siku 30 kabla ya kuanza na siku 30 za mwisho, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Uliza pia ambayo vijana wenyewe wanayajali: umepeleka hesabu kamili mara ngapi? Umepigana? Umeanguka na pikipiki? Waliotoweka katikati nao watafute, uwaulize kwa nini. Mimi ndipo nilipogundua kwamba saa yangu ya kwanza ilikuwa saa ya abiria wengi.

Hatua ya 8: Panga kalenda kwa kuogopa Desemba

Baada ya wiki nane kutaneni mara moja kwa mwezi, pale pale, na kahawa ile ile. Anza programu Septemba ili imalizike kabla ya mwisho wa Novemba, kwa sababu Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila mji, nyama inachomwa, na pombe inamwagika kutoka tarehe 20 hadi mwaka mpya. Mkutano wa mwisho wa Novemba uwe na kazi moja. Kila kijana achore mistari minne kwenye karatasi: tarehe 24, 25, 26 na 31. Kwenye kila mstari aandike atakuwa kwa nani, nani atampa kata, atakunywa nini badala yake, na saa ngapi atampigia mwenzake wa benchi. Halafu wabadilishane namba za simu na karatasi, ili yako akae nayo mwenzako.